Lenga-lenga Salama: Mwongozo kwa Wanaolima Mboga Kandokando ya Mito ya Lubumbashi

Alfajiri, kabla jua halijapanda, mama wauza mboga hufika bustanini na mabeseni yao. Wanakata lenga-lenga (mchicha) na matembele, wanafunga mafungu, kisha wanayachovya mtoni mara mbili tatu ili majani yang'ae. Baadaye wanajitwisha na kushika njia ya masoko ya hapa mjini: la Kenya, la Katuba au la Mzee. Kule kuchovya ndiko kulikonisukuma kuandika mwongozo huu. Mboga iliyolimwa vizuri kwa mwezi mzima inaweza kuharibiwa na nusu dakika ndani ya maji ya mto.

Kwanza tukubaliane jambo moja, maana hatua zote zinalitegemea. Mboga ya Lubumbashi hupatwa na uchafu wa namna mbili. Kuna uchafu wenye uhai: vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara, pamoja na mayai ya minyoo. Huo hufa kwa moto, kwa jua kali au kwa kupita muda. Kuna na uchafu usio na uhai, yaani madini: risasi, kadimi, arseniki, kobalti, shaba. Huo haufi. Chemsha lenga-lenga mpaka iive sana, kadimi iliyoingia ndani ya jani utaila pamoja na bukari (ugali). Miongozo mingi iliyoandikwa nchi za mbali hushughulika zaidi na uchafu wa kwanza, na ina haki, kwa sababu ndio unaoua haraka. Sisi tumejenga juu ya shaba, kwa hiyo hatuna budi kupambana na yote mawili. Na silaha zake si sawa.

Hatua ya 1: Ujue udongo wako kabla ya kupanda

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulibebwa na upepo unaotoka kusini-mashariki, ukaangusha vumbi la madini upande wa kaskazini-magharibi. Ndiyo maana penye njia ile ya moshi kuna sehemu ambazo mpaka leo majani hayaoti sawasawa. Ongeza viwanda vipya, sehemu za kuoshea madini, na malori yanayopita na mzigo usiofunikwa vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji, ulipima mkojo wa watu wa Katanga na kukuta madini mengi kupita kiasi, hasa kobalti, kwa wanaoishi chini ya kilometa 3 kutoka migodi na viwanda. Chakula na vumbi ni miongoni mwa njia zinazopitisha madini hayo mwilini.

Kwa hiyo, kabla ya kukodi kiwanja, uliza wazee: hapa palikuwa nini zamani? Kama palimwagwa mabaki ya kiwanda, kama palioshwa madini, kama maji ya mvua hushuka kutoka kwenye lundo la mabaki, ondoka. Angalia na mimea. Kuna ua dogo la rangi ya zambarau, jamaa ya mnanaa, ambalo wanasayansi huliita Haumaniastrum katangense. Hupenda udongo wenye shaba nyingi, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamelitumia kutafuta mahali ambapo mababu zetu waliyeyushia shaba. Ukilikuta limetanda kwenye kiwanja unachotaka kulima lenga-lenga, hilo ni onyo. Kutokuwepo kwake lakini hakuthibitishi kuwa udongo ni mzuri. Kipimo cha maabara ndicho kinachosema kweli. Wakulima kumi wakichanga kwa pamoja na kwenda kuuliza kwenye kitivo cha kilimo cha chuo kikuu, watapata pa kuanzia kuliko mmoja akienda peke yake.

Na kama huna kiwanja kingine? Wengi wetu hatuna. Basi chagua mmea. Mboga za majani hunyonya kadimi kuliko mazao ya tunda, na mazao ya mizizi hukaa ndani ya udongo wenyewe. Penye shaka panda nyanya, mbilingani, maharage au mahindi, na lenga-lenga uipeleke kwenye tuta lililoinuliwa kwa udongo uliouleta kutoka mahali unapopaamini. Kanuni za chakula za kimataifa, zile za Codex, zinaruhusu mboga za majani ziwe na kadimi isiyozidi miligramu 0.2 kwa kilo, na risasi isiyozidi miligramu 0.3. Ni kiasi kidogo mno, jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja.

Udongo wetu mwekundu kwa kawaida ni mchachu, na udongo mchachu huachilia kadimi kwenda kwenye mizizi. Chokaa ya kilimo hupunguza uchachu huo, na mboji iliyoiva hushika madini yasipande kirahisi. Chokaa usiimwage kwa kukisia: pima pH, yaani kipimo cha uchachu, kwanza. Vinavyosaidia hupunguza tu, haviondoi, hivyo shamba lililooza kwa madini halitengenezwi na gunia la chokaa.

Hatua ya 2: Fuata maji yako mpaka yanakotoka

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote. Wakati wa kiangazi, toka Mei hadi Oktoba hivi, mboga zetu zinaishi kwa kumwagiliwa, na maji yanatoka Kafubu, Lubumbashi, Naviundu, Karavia na vijito vyake. Chukua asubuhi moja uende kwa miguu kupanda mto, juu ya shamba lako. Tazama kila kinachoingia: choo kilichofunguliwa wakati wa mvua, mfereji wa mtaa, mahali pa kuoshea magari, bomba la kiwanda, ng'ombe na nguruwe wanaokunywa. Uende tena mvua zikianza, maana mto wa Desemba si mto wa Agosti. Mvua za kwanza ndizo husomba vyoo na vumbi la miezi sita.

Mama mmoja aliniambia, "Mayi iko safi, baba, angalia, unaona mpaka muchanga." Ni kweli mchanga ulionekana. Lakini madini yaliyoyeyuka hayana rangi, na vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho. Maji meupe yanaweza kukudanganya zaidi ya maji ya matope.

Kama juu yako kuna bomba la kiwanda au mahali pa kuoshea madini, usimwagilie mboga za majani kwa maji hayo, hata kidogo. Hakuna njia ya shambani itakayoyasafisha. Kama tatizo ni uchafu wa watu na wanyama, hapo kuna mengi ya kufanya, na mengi hayagharimu kitu:

Chimba kisima ukiweza, angalau mita 30 kutoka choo chochote, upande wa juu wa choo. Kijengee ukingo ulioinuka, ukifunike, na uwe na ndoo yake moja isiyowekwa chini.

Ukitumia maji ya mto, chimba madimbwi mawili au matatu. Jaza moja, uliache litulie siku mbili au tatu huku ukitumia lingine. Mayai ya minyoo ni mazito, yanazama. Chota juu taratibu, usiingie na miguu kukoroga chini. Kumbuka kwamba kutuliza huku hakuondoi madini yaliyoyeyuka.

Mwaga kwenye shina, usimwage juu ya majani. Ndoo ya kumwagilia ishikwe chini, isizidi nusu mita kutoka ardhini, na iwe na kichwa chenye matundu madogo, ili maji yasirushe udongo kwenye jani. Bidoni (dumu la plastiki) lililotobolewa karibu na mche ni bora zaidi, ingawa kwa lenga-lenga iliyosongamana ni kazi ngumu.

Acha maji ya mto siku chache kabla ya kuvuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unaeleza kwamba vijidudu vilivyo juu ya jani hupungua siku kwa siku baada ya kumwagilia mara ya mwisho, hasa penye jua kali na hewa kavu. Najua mtaniambia lenga-lenga isiyonyweshwa siku tatu mwezi wa Septemba itanyauka, na mama hatainunua. Ni kweli. Ndiyo maana mimi hubadilisha maji: mto kwa majuma ya mwanzo, kisima peke yake kwa siku za mwisho. Kisima changu ni kidogo, hakitoshi mwezi mzima, lakini kinatosha siku nne.

Hatua ya 3: Mavi ya kuku si mbolea mpaka yaive

Hapa nina deni la kukiri. Miaka ya mwanzo nilinunua magunia ya mavi ya kuku mabichi, nikayatandaza siku ile ile kwenye matuta ya saladi. Saladi ilistawi ajabu. Tulikula nyumbani, tukawapa na majirani, mbichi, na vitunguu na nyanya. Ndani ya siku mbili watoto wa nyumba mbili walikuwa wanaharisha na homa juu. Wote walipona. Sikupima, siwezi kuapa kwamba ni saladi, lakini tangu siku ile sijaweka mavi mabichi karibu na kitu kinacholiwa kibichi.

Samadi bichi hubeba salmonela na aina mbaya za bakteria wa E. koli. Kuivisha ni kazi ya joto. Panga lundo la samadi na majani makavu kwa tabaka, lifike karibu kifua cha mtu, lilowe kama kitambaa kilichokamuliwa. Ndani yake joto lipande digrii 55 au zaidi na likae hivyo siku 15, na katika siku hizo uligeuze angalau mara tano ili la nje liingie ndani. Huna kipimajoto? Choma katikati ya lundo chuma kirefu, kiache dakika kumi, kitoe. Kama unaweza kukishika bila shida, lundo halijafanya kazi. Hiyo si sawa na kipimo, lakini inakuonyesha lundo lililolala. Baada ya hapo liache lipoe na kuiva majuma mengine kadhaa, mpaka harufu ya mavi iishe na ibaki ya udongo wa msituni.

Sheria ya kilimo hai ya Marekani inataka samadi bichi iwekwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa zao lisilougusa. Sasa piga hesabu: lenga-lenga huanza kukatwa baada ya wiki nne hivi. Kwa lenga-lenga, basi, samadi bichi haina nafasi kabisa. Kwa nyanya zinazofungwa kwa kamba zisiguse udongo unaweza kuiweka mapema, ukiandaa shamba miezi mitatu kabla ya mavuno.

Lundo liwe upande wa chini wa kisima na matuta, lizungukwe na kifereji. Chombo kilichogeuza samadi bichi kisiguse mboji iliyoiva kabla ya kuoshwa. Kinyesi cha watu, hata kikaushwe vipi, mimi sikitumii na siwashauri: mayai ya minyoo aina ya askarisi (minyoo mirefu ya tumboni) huishi kwenye udongo miaka kadhaa.

Hatua ya 4: Dawa za wadudu

Nunua dawa yenye lebo yake, kwenye chupa yake. Ile inayopimwa sokoni kwenye vichupa vya maji ya kunywa hujui ni nini, na mtoto anaweza kuinywa. Kwenye lebo kuna kipimo na kuna idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna. Siku hizo ziheshimu hata kama mnunuzi amefika na pesa mkononi. Lebo ikiwa kwa lugha usiyoijua, kama zile zinazoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mtafute mtu akusomee kabla hujafungua kifuniko. Dawa iitwayo endosulfani iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Ukiona mtu anaiuza, usiinunue. Pampu usiioshee mtoni. Na chupa tupu ya dawa itoboe, isije ikageuzwa kuwa chombo cha mafuta ya kupikia.

Hatua ya 5: Mikono, choo na mgonjwa

Shamba lisilo na choo lina choo kila mahali. Kichimbeni cha pamoja, wakulima watano au sita, mbali na mto na upande wa chini wa kisima. Pembeni muweke bidoni la kunawia linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti, na sabuni imefungwa kwa kamba ili isipotee. Sabuni ikikosekana, majivu ni bora kuliko maji matupu. Mnawe mkitoka chooni, mkishashika samadi, na kabla ya kukata mboga.

Mtu anayeharisha au kutapika asivune wala asioshe mboga, na angoje saa 48 baada ya kupona. Hili ndilo jambo gumu, kwa sababu asiyefanya kazi leo hali leo. Sisi tumepatana kumpa kazi ya kung'oa magugu kwenye matuta ya mahindi, mbali na kisima na mboga, naye anapata sehemu yake. Mtoto mchanga wa mama mfanyakazi awekewe mkeka kivulini, nje ya matuta.

Hatua ya 6: Kuvuna na kuosha

Vuna asubuhi kungali na baridi. Kata shina sentimeta chache juu ya ardhi, usiling'oe na mizizi yenye udongo. Embe, papai au nyanya iliyoanguka chini na kupasuka haiendi kwenye kikapu cha kuuza kwa kula mbichi. Kisu kioshwe, beseni lioshwe, na beseni la mboga lisiwe lile la kuogea watoto au kubebea samadi.

Kuosha kuna mabeseni matatu ya maji. La kwanza huondoa udongo na vumbi: sugua, suuza, mwaga. Vumbi la madini lililolala juu ya jani hutoka hapa, nalo ni faida kubwa, hasa kwa kibwabwa (majani ya maboga) ambacho vinyweleo vyake hushika vumbi kama brashi. Mayai ya minyoo pia hutoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa tu, kwa sababu klorini haiyaui.

La pili ni maji ya javeli (dawa ya klorini ya kufulia), kwa mboga zitakazoliwa mbichi: saladi, nyanya, karoti. Javeli yenye nguvu ya digrii 12 ina gramu 38 hivi za klorini kwa lita. Mililita 50, yaani vijiko vikubwa vitatu na kidogo, ndani ya lita 20 za maji safi, zinakupa karibu miligramu 100 kwa lita. Zamisha mboga dakika mbili. Javeli isiyoandikwa nguvu yake siitumii, na iliyokaa juani huwa imekwisha nguvu. Usiichanganye kamwe na siki, ndimu au sabuni nyingine ya kusafishia, maana hutoa gesi ya sumu. Maji yakianza kuwa na matope, yamwage, utengeneze mengine. Matope hula klorini kabla haijafika kwenye kijidudu.

La tatu ni kusuuza kwa maji ya kunywa. Kisha mboga zichuje maji kwenye wavu, kivulini.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu nyanya. Nyanya iliyopata jua ikitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa, na tunda huvuta maji kupitia kovu la kikonyo. Maji yakiwa na vijidudu, vinaingia ndani, na hapo hakuna javeli itakayovifuata. Acha nyanya zipoe kivulini kwanza, au tumia maji yenye joto linalozidi kidogo lile la nyanya zenyewe.

Hatua ya 7: Njiani na sokoni

Gunia lililobeba madini au mbolea ya chumvi lisibebe mboga, hata likioshwa mara kumi. Magunia hayo ni mengi mjini na bei yake ni rahisi, ndiyo sababu ya hatari yake. Kwenye gari, mboga zisikae pamoja na madumu ya mafuta wala kuku, na abiria asikalie mafungu. Mpe mama muuzaji bidoni la maji safi aondoke nalo, kwa sababu akifika sokoni atanyunyizia majani ili yasinyauke, na asipokuwa na maji yako atachota ya mfereji. Kazi yako yote ya wiki nne inaishia kwenye yale maji ya kunyunyizia. Mweleze pia asiweke mafungu chini kwenye vumbi. Turubai au meza ya mbao inatosha.

Hatua ya 8: Daftari

Mwaka 2006 huko Marekani spinachi mbichi iliwaua watu 3 na kuwafanya wapatao 200 waugue. Wachunguzi walifuata namba zilizoandikwa kwenye mifuko mpaka wakafika kwenye shamba moja California, jirani na ng'ombe na nguruwe mwitu waliokuwa na bakteria ile ile. Kabla ya hapo spinachi mbichi ya nchi nzima ilikuwa imetolewa madukani, na wakulima wasiohusika walipoteza mazao yao pamoja na aliyehusika. Kwetu, uvumi wa kipindupindu ukitokea, mboga zote za mto hukataliwa bila kuulizwa zimetoka tuta gani. Mwenye maandishi anaweza kuonyesha.

Daftari la shule linatosha. Andika siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili. Ukurasa wangu wa juzi uko hivi: tuta la 4, lenga-lenga, mboji iliyoiva 28/5, mbegu 1/6, maji ya dimbwi mpaka 25/6, ya kisima toka 26/6, dawa hakuna, kukata 30/6 asubuhi, mafungu 60, mama wa Katuba, bidoni moja la maji amepewa.